Swali la Kumi na Mbili

Anayeuliza namba hajasikia swali. Jana mlimsikia Mama Kaduma akimwambia hivyo Onesmo, aliyesimama mkutanoni kujibu hoja ambayo mama huyo alikuwa bado hajamaliza kuitoa. Mkacheka, na Onesmo naye akacheka, lakini leo mmekuja wote watatu kuniuliza maneno hayo yametoka wapi. Kaeni basi. Hayakutoka mbali. Yalizaliwa hapa hapa Lyalumbi, katika darasa la saba, nami nilikuwa nimesimama dirishani.

Shule yetu ilikuwa imeshika mkia katika mtihani wa taifa miaka miwili mfululizo. Ofisi ya elimu ikatuandikia kwamba tukiwa wa mwisho tena, darasa la saba litahamishiwa shule ya ng'ambo ya mto. Mnaujua mto ule wakati wa masika. Nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule. Binti yangu Edina alikuwa darasa la saba mwaka huo, na nyuma yake walikuwapo wadogo zake watatu ambao wangelazimika kuvuka. Barua ile niliisoma mwenyewe, bila kumwomba mtu, maana nilikwisha kupata cheti changu cha elimu ya watu wazima, niliyoisomea jioni kwa miaka minne baada ya kutoka shamba. Niliisoma mara tatu. Kwa mara ya kwanza nikatamani nisingejua kusoma.

Mwalimu mkuu, Mwalimu Mligo, alikosa utulivu tangu siku hiyo. Ukimsalimia, alikuitikia huku anatazama barabara. Alikuwa akimiminiwa chai anaisahau. Mwezi wa tano akagundua jambo. Mtihani wa majaribio wa tarafa yetu ulikuwa ukichapwa kwa stensili ile ile kila mwaka: hesabu arobaini, kila moja na majibu matano ya kuchagua, A mpaka E. Maswali hayakubadilika, wala herufi za majibu. Karatasi za miaka ya nyuma zilikuwa kabatini mwake kihalali. Hakuiba kitu.

Basi akatunga wimbo wa mchakamchaka. Asubuhi watoto wakikimbia kuzunguka kijiji, kiranja aliita namba na wenzake wakaitikia herufi. Moja, C. Mbili, A. Tatu, A. Nne, E. Ulikuwa wimbo mtamu, sitawadanganya. Haikupita hata wiki tatu, kina mama wakawa wanauimba wakipalilia viazi. Mama yangu mzazi, ambaye hakujua A inafananaje, alianza kusonga ugali na swali la ishirini, akaipua kwenye la thelathini. Mimi niliuimba kuliko wote.

Mtihani wa majaribio ulipokuja, Lyalumbi ikawa ya kwanza katika tarafa nzima. Edina alipata thelathini na tisa kati ya arobaini. Tukachinja mbuzi. Mwalimu Mligo hakula. Alizungukazunguka uwanjani na sahani mkononi.

"Mwalimu, kaa ule," nikamwambia. "Tumeshavuka."

"Mzee Mwalongo, mtihani wa taifa wanatunga upya."

"Hesabu ni hesabu," nikamjibu, nikaongeza kipande cha nyama.

Wiki iliyofuata Mratibu wa Elimu, Bibi Nyagawa, alifika na baiskeli yake, barua ya pongezi ikiwa mkobani. Hakutaka hotuba. Aliingia darasa la saba akaomba aonyeshwe mwanafunzi bora, na Edina akasimama. Sisi wa kamati tukajipanga dirishani. Bibi Nyagawa akafungua karatasi ile ile ya majaribio, akasoma kwa sauti:

"Gunia moja hujaa kwa madebe sita ya viazi. Baba amechimba madebe ishirini na saba. Atajaza magunia mangapi, na yatabaki madebe mangapi?"

Edina akauliza kwa heshima, "Samahani mwalimu, hiyo ni namba ngapi?"

"Namba ya nini, mwanangu?"

"Ya swali. Nikiijua nitakutajia jibu."

"Swali si nimekusomea?"

Nyuma yake wenzake walikuwa wameanza kuimba chinichini, kila mmoja akitafuta viazi viko wapi katika wimbo. Mmoja akanong'ona, "Kumi na mbili hiyo. Sema D."

"D," akasema Edina.

"D ni magunia mangapi?"

"D ni D, mwalimu."

Mzee Msigwa, jirani yangu, akanigusa kiwiko. "Huyu si ndiye anayekupimia viazi kila msimu?"

"Nyamaza, Msigwa."

Lakini alisema kweli. Tangu akiwa na miaka minane, Edina alikuwa akinitajia magunia na madebe ya baki kabla sijamaliza kukata kamba za kufungia.

Bibi Nyagawa hakumgombeza. Alimwambia akae. Ile barua ya pongezi haikutoka mkobani. Mlangoni akamwambia Mwalimu Mligo kwa sauti ya chini, nasi tukasikia: "Mwalimu, anayeuliza namba hajasikia swali."

Zilibaki wiki tano. Wimbo ukapigwa marufuku, lakini wimbo haufukuzwi kama kuku. Watoto wakianza hesabu, vidole viligonga dawati kwa mdundo ule, na mkono ukaandika herufi kabla jicho halijamaliza mstari. "Baba, haunitoki," Edina aliniambia, akakishika kichwa chake kwa mikono miwili. Mwalimu Mligo akaacha karatasi, akawapeleka kwenye shamba la shule na madebe na magunia. Huko hakuna aliyeruhusiwa kujibu kabla ya kulisema swali kwa maneno yake mwenyewe. Sisi wa kamati tulibeba madebe, na tulipoulizwa tukajibu pia. Nilikosa mara nyingi kuliko nilivyotarajia.

Siku ya mtihani wa taifa wazazi hatukuruhusiwa kusogea. Tulisimama barabarani tangu asubuhi, hakuna aliyeweza kukaa. Edina alitoka na wino vidoleni.

"Kumi na mbili ilikuwaje?" nikamuuliza.

"Ilikuwa ya ng'ombe na maziwa. Wimbo ukasema D."

"Ukaandika D?"

"Niliuacha upite kwanza, Baba. Halafu nikalisoma swali."

Matokeo yalipofika hatukuwa wa kwanza. Tulikuwa wa kumi na tisa kati ya shule ishirini na nane, na darasa la saba likabaki upande wetu wa mto. Wadogo zake Edina hawakuvuka. Yeye mwenyewe alikosa nafasi ya sekondari kwa alama chache. Zile wiki alizoimba zingemtosha kuzipata, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwitikia. Ndiyo maana jana mlipocheka, mimi sikucheka. Mtoto aliyeijua hesabu ile kwa mikono yake aliulizwa mbele ya watu, akashindwa, kwa kuwa tulikwisha kumpa jibu. Anayeuliza namba hajasikia swali.