Kishikizo cha Mfupa

"Kabla ya kufungua, muulize aliyefunga." Mmemsikia mama yenu akisema hivyo, sasa mwataka kujua msemo huu umetoka wapi. Haya, kaeni, wala msinikatize. Ulianzia dirishani kwa Mwantumu, mke wa Semboja seremala, kule Muheza.

Semboja alikuwa na jicho moja zima tu, na hilo ndilo lililoingiwa na kibanzi cha mti. Alipokwisha kupasuliwa, daktari alimwonya: siku kumi mwanga mkali usilipige, la sivyo atalipoteza. Mwantumu akatundika pazia la matete dirishani. Lakini upepo wa mchana ulilipeperusha, na kila lilipopepea Semboja alipiga ukelele. Mwantumu hakuwa mtu wa kukaa akilalama. Alichukua kipande cha mfupa wa mbuzi jikoni, akakifunga kwenye ncha ya pazia kwa utepe wa kaniki, kile kitambaa cheusi, mafundo matatu, kisha akakipachika kwenye msumari chini ya dirisha. Pazia likatulia tuli.

Kesho yake, aliporudi kutoka kisimani, alikuta pazia lapepea na mfupa haupo. Akatengeneza mwingine, nao ukatoweka. Wa tatu vilevile. Mwantumu alichanganyikiwa. Panya? Panya hafungui mafundo. Upepo? Upepo haubebi mfupa. Akaanza kuwashuku majirani mmoja mmoja. Na jicho la Semboja lilikuwa limevimba, jekundu.

Siku ya tano alifunga mfupa wa nne, akajifanya anakwenda kisimani, akajibanza nyuma ya mlango. Aliyeingia alikuwa mama mkwe wake, Bi Mwanaidi. Huku akinong'ona dua, akaunyofoa mfupa kwa koleo.

"Mama! Wafanya nini?"

Bikizee aliruka. "Nyamaza, mwanangu! Tunarogwa! Kila nikichoma kimoja, kesho naona kingine. Mfupa, kaniki, mafundo matatu! Nani anataka kumdhuru mwanangu Semboja?"

"Ni mimi, mama."

"Wewe?"

"Ni mimi niliyefunga, pazia lisipepee! Mbona hukuniuliza?"

Bi Mwanaidi akaketi chini palepale. "Niliogopa kukuuliza," alisema. "Nilidhani huenda ni wewe unayemroga."

Mwantumu hakujua acheke au alie. Alikasirika, tena sana, lakini alilishika pazia kwa mkono wake hadi jua lilipotua.

Jicho la Semboja lilipona nusu. Aliona mlango, aliona watu, lakini mstari wa kukatia mbao hakuuona tena, na randa akamwachia ndugu yake. Hakuna aliyemlaumu Bi Mwanaidi kuliko alivyojilaumu mwenyewe. Tangu siku hiyo, akimwona mtu ananyoosha mkono kwenye fundo lisilo lake, hata la mfuko wa chumvi, alimshika mkono na kumwambia: "Kabla ya kufungua, muulize aliyefunga."