Zimwi Mlangoni kwa Mzazi

Haya wanangu, sogeeni, tegeni masikio. Mwanakombo alikuwa amejifungua karibuni, yuko ndani kwenye arobaini yake. Alasiri moja zimwi likabisha.

"Mzazi, nipe usingizi wako, niondoke." Kwa hofu, Mwanakombo akatoa.

Likarudi. "Nipe kicheko chako." Akatoa.

Likarudi tena, likausukuma mlango. "Sasa nipe mtoto! Tangu ujifungue hujamtaja Mola. Nani atanizuia?"

Mwanakombo akamkumbatia mwanawe. "Shangazi Mize! Niombee! Mimi sisali, bado nina damu ya uzazi!"

Shangazi alikuwa jikoni akikoroga uji. "We mwanangu! Umepumzishwa kusujudu, nani kakukataza kumwita Mola wako? Mwite mwenyewe!"

Mkono wenye manyoya ukashika nguo ya mtoto. Mwanakombo akafumba macho. "Ee Mola, nimechoka. Naogopa. Nishike."

Mkono ukasinyaa. Akaomba tena, kwa sauti. Zimwi likapiga ukelele, likatapika usingizi, likatapika kicheko, likayeyuka pale kizingitini.

Shangazi alipoingia na bakuli, alimkuta mtoto amelala fofofo, na mama yake akicheka usingizini. Uji akaunywa yeye.

Na hadithi yangu nayo imelala papo hapo.