Msamba wa Sultani Mbarawa

Hapo zamani, masultani walipokuwa wengi kuliko vyungu vya kupikia, mji wa Shungi nao ulikuwa na wake, jina lake Sultani Mbarawa. Mji ule ulikuwa na mitaa miwili, Mkunguni na Mchangani, na kila mwaka punda wao walishindana mbio. Ilikuwa mila kwamba kamba ya punda wa mashindano haishikwi ila na mtu wa mtaa wake, au na Sultani, kwa kuwa yeye ni baba wa wote. Lakini baba huyo alipenda mno kuwa upande wa mshindi. Basi kila mwaka alipeleka gunia la mchele Mkunguni usiku kwa siri, na la pili Mchangani kwa siri, ikawa kila mtaa wadhani Sultani ni wake.

Shekuwe alikuwa mchezaji sarakasi pale sokoni, fukara asiye na hata mkeka wa kuangukia. Neema yake ilikuwa moja tu, Bi Mwanamize, mjane mwuza mikate ya mofa, ambaye alikwisha kukubali kuolewa naye. Siku moja, ametanua miguu mpaka imelala chini, mtu akamwuliza mchezo ule waitwaje.

"Msamba," akajibu Shekuwe. "Nayo misamba ni mingi, bwana. Wangu ni wa miguu. Mwuza mtama ana wake: huficha nafaka ghalani apate faida mvua ikikosa, na huuza mbegu apate faida mvua ikinyesha. Na Sultani ana wake wa magunia mawili. Najua, maana niliyabeba mimi."

Maneno yakafika husuni, ngomeni kwa Sultani, kabla jasho lake halijakauka. Sultani akaghadhibika, akaamuru mbiu ipigwe: "Siku ya mbio, Shekuwe asimame mguu mmoja juu ya punda wa Mkunguni na mguu wa pili juu ya punda wa Mchangani, kutoka kisimani hadi lango la husuni. Atakayeanguka njiani ahame mji siku hiyo hiyo!"

Shekuwe akaenda kwa Bi Mwanamize. "Nikihamishwa, utanifuata?"

"Na tanuri langu nilibebe kichwani?" akasema Bi Mwanamize. "Usianguke, bwana." Macho yakamlengalenga, akasingizia moshi.

Siku ikafika. Shekuwe akapanda, akasimama, akatulia. Punda wakala majani. Jua likapanda.

"Mbona hawaendi?" akanguruma Sultani kutoka jukwaani.

"Maulana, niliamriwa kusimama, nami nimesimama. Kuongoza sikuamriwa."

Wakaitwa watu wa kushika kamba, lakini yule wa Mkunguni akaapa hatembei bega kwa bega na mtu wa Mchangani siku ya mbio, na yule wa Mchangani akaapa vivyo hivyo.

"Ashike Sultani!" wakapiga kelele Mkunguni. "Ni wetu, mchele wake tumeula!"

"Wenu?" wakafoka Mchangani. "Mchele wake tumeula sisi!"

Sultani, kuinusuru heshima yake, akashuka mbio akazishika kamba zote mbili. Wakaenda vizuri mpaka njia panda. Hapo punda wa Mkunguni akakumbuka hori lake la majani kushoto, na wa Mchangani lake kulia.

"Achia moja, Maulana!" akalia Shekuwe, miguu ikimtanuka.

"Ipi?" akalia Sultani, mikono ikimtanuka.

Kila aliyetazama alikuwa na jibu, na majibu hayakulingana. Basi Sultani akashikilia zote mbili. Mguu wake mmoja ukafuata punda wa kwanza, wa pili ukafuata punda wa pili, kanzu ikalia chararaa, na Sultani akakaa mavumbini, msamba kamili. Ndipo Shekuwe naye akaporomoka, akatua kando yake.

"Ameanguka!" akasema Sultani, kilemba kimemfunika pua. "Ahame!"

"Nimeanguka, Maulana, sikatai. Lakini mbiu ilisema atakayeanguka, haikutaja jina, na wewe umeanguka kwanza. Basi tangulia, nami nitakufuata na mizigo yako."

Kisha tumbo la Sultani likaanza kutikisika, akacheka mpaka akashindwa kuinuka, na kwa kweli hata asingecheka asingeinuka, maana kanzu haikuwapo nyuma.

"Ewe Shekuwe," akasema, "mbona wewe husimama hivi kila siku usichanike?"

"Maulana, mimi nikitanua miguu, mikono huwa mitupu."

Bi Mwanamize akapenya katikati ya watu na kitambaa cha kufunikia mikate, bado kina unga, akamfunga Sultani kiunoni.

"Inuka, Maulana," akasema. "Hahami mtu hapa. Ijumaa nina harusi, na mchele wako safari hii ulete mchana."