Karibu ya Sultani Shahame

Hapo zamani, wakati ndege wa abiria walikuwa bado na manyoya, Sultani Shahame wa mji wa Zingwi alikuwa na ndege wakubwa, kila mmoja akibeba watu ishirini mgongoni. Tajiri mmoja wa mji huo, Mbaruku, alikuwa nao kama hao, na wote wawili walipeleka watu Rasini, kwenye soko kubwa. Tajiri alitoza reale kumi na kuwashusha abiria langoni pa mji, ambako mtawala wa Rasini alidai ushuru mzito kwa kila ndege aliyetua. Sultani akaona wivu, akatangaza nauli ya reale moja. Wahenga walisema rahisi ni ghali, lakini wahenga hawakuwahi kuonyeshwa nauli ya reale moja. Watu wakafurika.

Basi ndege wa Sultani wakawa wanatua Mabwe, uwanja wa mawe usio na ushuru, mwendo wa siku mbili kwa miguu kutoka Rasini, na mpiga mbiu akipaza sauti, "Karibu Rasini!" Tena huko angani aliyetaka kukaa alilipia kukaa, na aliyetaka kushika manyoya asianguke alilipia kushika.

Alikuwako msuka mikeka aitwaye Shekue, fukara asiye na mbele wala nyuma, ambaye binti yake, Mwanashee, alikuwa anaolewa Rasini siku ya Alhamisi. Shekue akatoa reale yake ya mwisho, akapanda Jumatano. Akashushwa Mabwe, akatembea mpaka nyayo zikachubuka, akafika Ijumaa jioni. Kadhi alikwisha kumwozesha binti badala ya baba, masufuria yameoshwa, na Mwanashee amelia mpaka macho yamevimba, akidhani baba yake amemsusa. Shekue aliapa, lakini nani angesadiki kwamba mtu alipanda ndege akachelewa?

Akarudi Zingwi kwa miguu, akaingia barazani. "Maulana," akasema, "mpiga mbiu wako alinidanganya."

"Alikuambia nini?" akauliza Sultani.

"Alisema, 'Karibu Rasini.'"

"Je, hukuwa karibu?"

Baraza likaangua kicheko, na waziri akacheka kuliko wote, kwa kuwa ndiyo kazi aliyolipwa. Shekue hakucheka, na jambo hilo likamuudhi Sultani.

"Umenivunjia heshima mbele ya watu wangu," akasema. "Basi Ijumaa hii utanikaribisha chakula, mimi na baraza langu lote, na chakula chenyewe kiwe pilau ya ng'ombe mzima. Usiponikaribisha, kichwa chako kitatundikwa langoni."

"Nimesikia, Maulana, na nimetii. Nitakukaribisha chakula," akajibu Shekue, ambaye nyumbani kwake hata panya walikwisha kuhama.

Ikawa Ijumaa. Shekue akamwongoza Sultani na watu wake arobaini mpaka nyuma ya ua wa Tajiri Mbaruku, aliyekuwa na karamu siku ile, akatandika mikeka upande wa nje. Ng'ambo ya ua ng'ombe mzima alikuwa amekwisha kuingia kwenye pilau, na harufu ya iliki na bizari ilipenya makutini bila kubisha hodi.

"Karibuni chakula," akasema Shekue.

Wakaketi, akawatoza malipo ya mkeka. Waliotaka kunawa akawatoza ya maji. Wakangoja, matumbo yakinguruma, na watu wa mtaa wakakusanyika kutazama. Hata alasiri ilipopita, Sultani akafoka, "Ewe mpumbavu, chakula kiko wapi?"

"Nyuma ya ua huu, Maulana. Hatua thelathini tu. Mimi niliachiwa mwendo wa siku mbili."

"Uliahidi kunikaribisha!"

"Nami nimekukaribisha. Je, hupo karibu?"

Mtaa mzima ukapasuka kwa kicheko. Waziri naye akaanza kucheka kwa mazoea, kisha akajiziba mdomo. Sultani akashika upanga, lakini kadhi wa baraza, ambaye njaa ilikuwa imemuuma sana, akasema, "Maulana, ukimkata kichwa kwa neno hili, itakubidi umkate na mpiga mbiu, naye alilisema kwa amri yako."

Sultani akaurudisha upanga, uso umemshuka. "Shekue, taka utakalo. Hata nusu ya hazina yangu."

"Siku ya harusi ya mwanangu hairudi, Maulana, na uchungu wake ninao hata sasa. Washushe watu mjini. Kisha umwandikie Mwanashee waraka kwa mkono wako, ajue kwamba babake alitoka mapema, na aliyemchelewesha ni wewe."

Basi Sultani wa Zingwi akaandika, akamwomba radhi binti wa msuka mikeka, akatia na muhuri.

Tangu hapo ndege wake wakatua langoni pa Rasini, na kwa sababu ya ushuru nauli ikapanda, ikawa reale saba. Watu wa Zingwi, wale wale waliocheka nyuma ya ua mpaka wakashika mbavu, wakamlaani Shekue kwa ajili ya zile reale sita. Naye Tajiri Mbaruku akatangaza nauli ya nusu reale, akaanza kushusha watu mbali kuliko Mabwe, mwendo wa siku tatu, na ndege wake wakajaa siku hiyo hiyo.