Vijiko Viwili vya Maji ya Mpopi

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika nchi ya Waturuki, zama za masultani wa kale, aliishi mama mcha Mungu akiitwa Bibi Ummuhani. Kijiji chao kililima mpopi, mmea usiotupwa kitu. Majani machanga yalikuwa mboga, mbegu zilikamuliwa mafuta na kunyunyizwa juu ya mikate, na utomvu wake, yaani afyuni, ulipelekwa hospitali ya wakfu kuwatuliza wenye maumivu. Hata vichwa vikavu vilichemshwa, na watoto wachanga wakanyweshwa maji yake ili walale, mama zao wafanye kazi.

Selijani, mke wa mwanawe Bibi na mama wa kichanga Aibike, aliyaogopa maji hayo. Mtoto wa dada yake aliyanywa, akalala, asiamke tena.

"Mama, niahidi hutampa Aibike hata tone."

"Nimekuahidi, mwanangu," alisema Bibi, lakini moyoni aliona binti huyu anatia chumvi. Wanawe wote walikuzwa kwa maji hayo, na wote walikuwa wazima.

Ikafika siku ya kukwangua utomvu, kazi ambayo lazima ifanywe asubuhi kabla jua halijawa kali. Selijani akaenda shambani, Aibike akabaki na bibi yake. Alikuwa na miezi mitano, meno yakimsumbua. Kila Bibi alipoanza uradi wake, mtoto alipandisha kilio. Tuseme kweli, Bibi hakuwa na ubaya wowote. Alitamani tu kumkumbuka Mola wake kwa utulivu, akasahau kuwa Mola huyo huyo ndiye aliyemkabidhi mtoto yule. Akachemsha kichwa kimoja cha mpopi, akampa kijiko, na aliponyamaza kidogo akampa cha pili. Nyumba ikatulia. Bibi akamaliza uradi wake, akashukuru.

Adhuhuri Selijani alirudi, maziwa yamemjaa, akamweka mtoto kifuani. Hakunyonya. Midomo ilikuwa imeanza kubadilika rangi, na pumzi zilikuja moja moja. Majirani wakajaa, huyu akisema jicho baya, yule akisema jini. "Bibi, msomee!" Bibi akainua mikono, na aya alizozisoma miaka hamsini zikakataa kuja.

Kwa rehema za Mola, Tabibu Bedirhani wa hospitali ya wakfu alikuwa kijijini kupokea afyuni. Akaitwa, akamkagua mtoto.

"Amekunywa nini leo?"

"Maziwa yangu tu," Selijani alijibu. "Mama aliniahidi, na mama yangu huyu hasemi uongo."

Tabibu akasita. "Kama ni homa ya ndani, tumfunike, tumwache alale. Kama ni kitu kingine, usingizi ndio utakaomuua."

Bibi Ummuhani alitazama nyuso za wanawake waliomwita mwema tangu ujana wake.

"Nimempa maji ya mpopi," akasema. "Vijiko viwili. Nimekudanganya, mwanangu."

Tabibu akamnyanyua mtoto upesi, akamrushia maji baridi, akampigapiga nyayo. "Tembeeni naye! Asilale!" Basi wakapokezana, mama na bibi, wakizunguka ua, wakimwita jina, wakimfinya vidole, Bibi akilia bila kujificha. Jua lilipokuwa linazama, Aibike alikunja uso, akapiga ukelele mkali wa ghadhabu. Bibi akaanguka kifudifudi akasujudu pale pale vumbini.

Siku tatu Selijani hakumwachia Bibi mtoto. Siku ya nne kazi ya kukwangua utomvu iliita tena. Alisimama mlangoni na mtoto mgongoni, akaenda hatua chache, akarudi. Akamfungua Aibike, akamweka mikononi mwa Bibi.

"Kama ungemnyima tabibu ukweli, nisingekuwa na mtoto wa kukupa leo," alisema. "Mshike, mama."

Ndugu zangu, ibada haikumponza Bibi, ila kule kuitaka iwe kimya, na Mola wetu hakumwomba kimya. Inasemwa kuwa tangu siku ile alisoma uradi wake na mtoto akilia mapajani, akiukatisha kila mara ili ambembeleze, akiuanza upya. Wapita njia walisimama kusikiliza sauti hizo mbili, nao wakaitikia amina.