Mdomo wa Nyumba ya Kaijage

Mtu mmoja, Kaijage, alikuwa na kibanja cha migomba, na mwana mmoja wa kiume, na jina zuri. Kibanja alikirithi. Mwana alipewa na Mungu. Jina alilitengeneza mwenyewe, kwa pombe ya ndizi.

Nieleze kidogo, maana si wote mmekulia kwenye migomba. Ndizi za pombe hufukiwa shimoni chini ya majani mpaka ziive. Hutiwa kwenye mtumbwi wa mti, hukanyagwa kwa miguu pamoja na nyasi, na juisi yake huchanganywa na mtama uliokaangwa, hufunikwa, huachwa ichachuke. Siku ya kufunua, majirani huja. Hawaalikwi, harufu inatosha. Na iko desturi moja ambayo haivunjwi: mgeni hanywi kabla mwenye nyumba hajaonja, mbele ya macho ya watu. Ndivyo anavyowahakikishia kwamba pombe yake haina sumu. Anachowapa wenzake, kinapita kwake kwanza.

Ni desturi nzuri. Sina ugomvi nayo.

Ila Kaijage alikuwa na vidonda vya tumbo. Funda moja tu lilimchoma usiku kucha. Na kusema hivyo mbele ya watu hakutaka, kwa sababu kwao mwanamume asiyeweza kunywa pombe ya nyumbani kwake haulizwi anaumwa nini. Anaulizwa anaogopa nini. Basi akatafuta njia. Alimwita mwanawe, Rweyongeza, ambaye hata sauti ilikuwa bado ya kitoto, akamkabidhi kibuyu mbele ya wageni, akatangaza kwamba tangu siku hiyo huyu ndiye mdomo wa nyumba yake. Wazee wakapiga makofi. Mama akapiga vigelegele. Mtoto akaonja, akakunja uso, wakacheka. Akaonja tena ili wasicheke.

Hapo mnisikilize vizuri. Hakuna aliyemlazimisha. Hakuna aliyempiga. Alipewa heshima, na mtoto akipewa heshima na baba yake hairudishi.

Akakua na kibuyu chake. Ulimi wake ukawa hodari kuliko wa watu wazima. Alijua mtama ulioungua, alijua ndizi zilizotolewa shimoni kabla ya wakati. Majirani wakaanza kumwazima. Leo aonje kwa huyu, kesho aonje kwa yule, na kila anapotoka wanamsifu. Akaoa mwanamke aitwaye Kemilembe, mpole wa sauti, mkali wa macho. Wakapata binti, wakamwita Kokuhirwa.

Masika fulani binti akashikwa na homa, akafa. Rweyongeza alichimba kaburi kwa mikono yake, hapo hapo kibanjani nyuma ya nyumba, kama ilivyo kwao. Alipopanda kutoka shimoni, wanaume walimshika bega na kumwambia neno tunalowaambia wanaume wote: jikaze. Akajikaza. Hakulia. Jioni hiyo akaonja pombe ya matanga, na kwa mara ya kwanza hakuishia kuonja.

Mengine mnayajua, mnayo kwenu. Pombe ya ndizi ikawa nyepesi, akahamia gongo. Jembe likapotea, blanketi likapotea. Akawa anaokotwa mtaroni asubuhi, watoto wa shule wakimruka kama gogo. Macho yakageuka manjano. Na wale wale waliokuwa wakimwazima ili aonje, sasa walivuka njia wakimwona. Mlevi, wakasema. Hana akili. Amelogwa. Kila mtu alikuwa na jina la ugonjwa wake, na hakuna jina hata moja lililomgusa yule aliyelitoa.

Kaijage alimpenda mwanawe. Simsingizii. Alihangaika.

Kwanza alimpeleka hospitali. Madaktari wakafanya kazi yao, na waliifanya vizuri. Walimtuliza mitetemo, wakamlisha, wakamsafisha damu. Daktari akamwambia wazi, mkewe akisikia, kwamba ini lake limebakiza uvumilivu mdogo. Akirudia kunywa, atakufa. Akarudi nyumbani akitembea wima. Na nyumbani, kwa furaha ya kumpokea, mnadhani walikuwa wameandaa nini? Walikuwa wamefunua mtungi. Jamani, walimshukuru Mungu kwa pombe kwamba mtu wao ameacha pombe. Baba akampa kibuyu, akamwambia si kunywa, ni kuonja tu. Rweyongeza akaonja. Kabla mwezi haujaandama alikuwa mtaroni.

Wakampeleka kanisani. Wakafunga, wakaomba, wakamwekea mikono. Alitubu, na nasema alitubu kweli, kwa sababu safari hii aliporudi na kupewa kibuyu alitikisa kichwa. Kisha jirani mmoja, Ndibalema, mtu wa mzaha ambaye hakosi penye mtungi, akachomekea.

"Haya, Mchungaji, kama huonji basi ubariki. Au humo ndani kuna kitu unachokijua?"

Wakacheka, lakini mikono yao haikusogea kuchukua vibuyu. Mmeuona mtego? Katika nyumba ile, mwonjaji akikataa kuonja maana yake ni moja: kuna sumu. Rweyongeza alimtazama baba yake. Akaona jina zuri la mzee linavyoanza kubomoka machoni pa watu. Akanywa ili kuliokoa. Na wote wakasema ameshindwa tena.

Ameshindwa. Mtu anameza kifo kwa ajili ya heshima ya baba yake, halafu tunamwita dhaifu.

Safari ya tatu Kemilembe ndiye aliyemtafutia mahali: nyumba ya kupata nafuu, mjini, ambako watu wa namna yake walikaa kwa duara na kuzungumza. Alikaa huko kitambo kirefu bila kufungua kinywa. Siku moja mmoja wao, aliyekuwa dereva wa malori kabla unga wa kulevya haujamwangusha, na aliyesikia habari za msiba kwa Kemilembe, alimuuliza mtoto aliyemzika aliitwa nani. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo tangu mazishi. Akalitaja jina, akalia kilio kilichokuwa kimemsubiri kaburini. Tangu hapo akaanza kula vizuri. Akaanza kulala. Na Kemilembe alipokwenda kumchukua, walezi wa kule walimwambia kwamba wao wamefanya ya kwao; yaliyobaki yako kule anakorudi.

Mwanamke yule alitembea na maneno hayo njia nzima. Alikuwa ameyaona yote kwa macho yake. Hospitali ilichukua mwili, ikauosha, ikaurudisha. Kanisa lilichukua roho, likaiosha, likairudisha. Nyumba ya mjini ilichukua huzuni, ikaipa nafasi, ikairudisha. Hakuna aliyekosea. Lakini mtu hakai hospitali, wala kanisani, wala kwenye duara. Mtu anakaa kwao. Na kwao, mume wake alikuwa na kazi, na kazi yake ilikuwa kunywa.

Walifika, mtungi ukafunuliwa. Mnashangaa nini? Majirani walikuja, Ndibalema mbele. Kaijage alikaa kitini pake, mwanawe kwenye kigoda karibu yake. Kemilembe ndiye aliyetumwa kuleta kibuyu cha kwanza, kwa kuwa ni kazi ya mke wa mwana, na mke wa mwana hulifanya jambo hilo kwa magoti na kwa kimya. Mbele ya wageni hamsemeshi baba mkwe wake. Hata akiungua moto, huomba maji kwa mtu mwingine.

Alitoka na kibuyu mikononi. Alimpita mumewe. Akapiga magoti mbele ya Kaijage, akainua macho, jambo ambalo nalo halifanywi, akasema:

"Tata, leo onja mwenyewe."

Hakupaza sauti. Kwao Tata ni baba, na alilitamka kwa heshima yote.

Ndibalema akajaribu kumcheka, akauliza kama siku hizi wakwe ndio wanaoamuru. Wote walimtazama mzee. Na mzee alikuwa anatafuta mlango wa kutokea. Akinywa, tumbo litamchoma mbele ya watu. Akikataa, ana sumu. Akikipitisha kibuyu upande wa pili, hakuna atakayemlaumu. Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Akageuza shingo kumtazama mwanawe, na hapo akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona kwa kuwa hakuwahi kuangalia. Mkono wa Rweyongeza ulikuwa umeshanyooka. Ulikuwa umenyooka wenyewe kumpokelea baba, kama ulivyonyooka tangu utoto. Uso haukutaka. Mkono ulitii tu.

Kaijage akakiweka kibuyu chini.

Akawaambia wageni jambo alilolificha tangu mwanawe ana sauti ya kitoto: kwamba tumbo lake haliwezi pombe, halikuwahi kuweza, na kwamba heshima aliyompa mtoto mbele yao ilikuwa maumivu yake mwenyewe yaliyovikwa nguo ya sikukuu. Akasema hana sumu, ila hatawanywesha tena kwa kinywa cha mtu mwingine.

Ndibalema, ambaye ulimi wake haukuzoea kukaa, akasema polepole:

"Kumbe miaka yote tulikuwa tunakunywa kwa mdomo wa mtoto."

Huenda alikusudia mzaha. Hakuna aliyecheka, hata yeye. Wengine waliondoka wakisonya kwamba wameitwa kwenye mtungi wakapewa maungamo. Baadhi hawakurudi tena katika nyumba ile. Jina zuri likapungua, ndiyo. Lilipungua kweli, na Kaijage alilihisi kila alipokwenda sokoni.

Sasa msinikimbize mwisho. Najua mnataka niseme Rweyongeza akapona siku hiyo. Hakupona siku hiyo. Ini halisikilizi hotuba. Aliendelea kwenda kliniki. Aliendelea kusali, kwa sababu alikuwa mtu wa kusali. Alirudi mjini mara kwa mara kukaa kwenye duara, na Kemilembe akaenda naye, kwa kuwa na yeye alizika mtoto na hakuna aliyewahi kumuuliza chochote. Kaijage naye akaenda kutibiwa tumbo, mzee mzima, kwa mara ya kwanza maishani. Walikata migomba ya pombe wakapanda ya chakula, na njaa kidogo waliiona kabla haijazaa. Jioni nyingine baba na mwana walipalilia pamoja pale nyuma ya nyumba, wakimtaja Kokuhirwa kwa jina lake, alivyokuwa akiwakimbiza kuku, alivyokuwa hapendi uji. Kwanza walimtaja kwa shida. Baadaye kwa kawaida.

Na alianguka tena. Lazima niliseme hili, wapo watakaoshangilia wakilisikia. Alianguka kwenye harusi ya kijiji cha mbali, ambako bado walikumbuka ulimi wake. Lakini safari hii hakuokotwa mtaroni. Alirudi kwa miguu yake, mchana kweupe, akasimama mlangoni akasema nimekunywa. Baba yake hakumtukana na hakumwonea huruma ya uongo. Alisogeza kigoda. Kemilembe akabandika maji ya kuoga, na asubuhi wakaenda wote watatu kliniki. Zamani alijificha alipoanguka, kwa sababu nyumbani ndiko alikoangushwa. Sasa alikuwa na mahali pa kuangukia.

Msije mkatoka hapa mkisema nimewaambia dawa haifai. Dawa inafaa, bila hospitali Rweyongeza angekufa zamani. Msiseme nimeyadharau maombi. Nasema hivi: tumezoea kumchukua mtu mmoja katika nyumba nzima, tukamwita mgonjwa, tukamtoa, tukampeleka akasafishwe, tukamrudisha palepale, kwenye kazi ileile, kwenye kimya kilekile. Akianguka tunakunja mikono na kusema tulimfanyia yote.

Mtu wetu akiugua, tunajua pa kumpeleka. Je, nyumba inayomrudisha mtaroni, tutaipeleka kwa nani, na nani kati yetu atakubali kuingia nayo kwa daktari?