Sherehe ya Jua Kali Katika Baridi ya Makete

Kisome chote kisa hiki, hakitakuchosha. Kisha mpitishie mtu ambaye hujamjulia hali siku nyingi.

Bi Saumu alizaliwa Pangani, akaolewa na Mzee Tweve, mtu wa Makete aliyekuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga. Mzee alipostaafu akamchukua mkewe wakahamia kwao milimani. Haukupita muda mrefu, mzee akafariki. Watoto hawakujaliwa.

Msiba ulipoisha, watu wakatawanyika. Bi Saumu akabaki na nyumba, radio na baridi. Mwezi wa Julai kule Makete majani huamka meupe kwa barafu, na ukungu huweza kukaa mpaka adhuhuri. Siku zilipita bila mtu kumtembelea. Dada yake alimpigia simu kila mara kumsihi arudi Pangani, naye alijibu kwamba hawezi kuliacha kaburi la mumewe. Lakini moyoni alikwisha kuchoka. Alijiambia kuwa watu wa kule hawampendi.

Ndipo akapata wazo. Angefanya sherehe ya jua kali, nyumbani kwake, katikati ya baridi ile ile. Kama hawatakuja, basi atafunga mizigo na kurudi kwao.

Siku ya gulio aliwaalika majirani. Aliwaambia waje Jumamosi mchana, waache makoti nyumbani, wale na kunywa kama watu walio Tanga mwezi wa Januari. Walicheka kwa adabu, wakasema wataona.

Dada yake akamtumia nazi na ukwaju kwa basi. Jumamosi Bi Saumu aliwasha majiko ya mkaa sebuleni, akafungua mlango na madirisha kidogo ili hewa ipite. Alipika wali wa nazi na samaki, akatandika kanga za rangi kali kwenye kila kiti, akavaa dera jepesi. Chumba kikapata joto hata jasho likamtoka. Akakaa kusubiri.

Mchana ukapita. Wali ukapoa, akaupasha moto. Ukapoa tena, akauacha. Alivitazama vile viti vilivyovalishwa kanga, akaona haya, kana kwamba viti vinamwangalia. Akachukua simu ampigie dada yake amwambie anakuja.

Kabla hajapiga, akasikia hodi ndogo.

Alikuwa Bi Tulalumba, jirani wa nyumba ya chini, mjane kama yeye. Alikuwa amevaa koti zito na mabuti, na amejifunika shuka juu yake. Hakuingia. Alisimama mlangoni akimtazama.

"Leo umefungua," akasema.

"Kwani siku zote nimefunga, dada?"

Bi Tulalumba akamweleza taratibu. Baada ya msiba walikuja, leo huyu, kesho yule, wakileta viazi na maziwa. Walibisha hodi. Radio waliisikia inaongea ndani, lakini mlango haukufunguliwa. Wakaona mama wa Tanga hataki kusumbuliwa katika huzuni yake, wakamwacha. Hata aliposema habari ya sherehe kule gulioni, walidhani ni maneno ya uungwana tu.

Bi Saumu akageuka, akatazama pembeni. Pale chini yalikuwa yamerundikana mablanketi mazito aliyokuwa ameyapigilia misumari kwa juu, kama pazia, mlangoni na madirishani kuzuia baridi, akayabandua asubuhi ile kwa sababu ya moshi wa mkaa. Na radio alikuwa akiifungulia sauti yote, ili nyumba isiwe kimya. Miezi yote ile alikuwa amekaa nyuma ya mablanketi akingoja hodi.

"Na wewe, mbona umekuja?" akauliza.

"Nilisema nibishe mara moja tena. Ya mwisho."

Bi Saumu alimshika mkono akamwingiza ndani. Bi Tulalumba akavua koti, akakaa kwenye kanga, akala wali wa nazi kwa mara ya kwanza maishani mwake. Hakuna mgeni mwingine aliyekuja.

Kesho yake Bi Saumu alitia chakula kilichobaki kwenye bakuli, akatoka ukungu ungali umetanda. Kwenye nyumba ya kwanza alibisha hodi. Kimya. Moshi ulikuwa ukitoka jikoni, watu wapo. Zamani angegeuka, aende zake na kinyongo chake.

Akahamishia bakuli mkono wa pili, akabisha tena.

Funzo: Kabla hujasema watu wamekutenga, hakikisha hodi zao zinakufikia, na ukibisha kwa mtu akakaa kimya, rudia, huenda hajakusikia.